Gari la Petroli la Zamani Limekataliwa Kwenye Kipimo cha Moshi: Maswali Ninayoulizwa Gereji

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaokuja gereji kwangu Tabata wakiwa na karatasi ya kipimo mkononi. Wengi wameshazunguka kwa mafundi wawili watatu, wameshanunua spea, na gari bado linakataa. Ninazungumzia magari ya petroli tu, yale ya zamani ya kutoka Japani ambayo ndiyo yamejaa Dar: Carina, Corolla, Spacio, IST, Noah, Mark II na ndugu zao. Dizeli ina mambo yake.

Kipimo chenyewe kinapima nini?

Mpimaji anaingiza mrija wa mashine ndani ya bomba la ekzosi, kama sentimita 30 hivi. Mashine inasoma gesi nne. CO ni kaboni monoksidi, petroli iliyoungua nusu. HC ni petroli ambayo haikuungua kabisa, imepita tu kama ilivyoingia. CO2 ndiyo petroli iliyoungua vizuri, na kwa injini nzima huwa asilimia 14 mpaka 15. O2 ni oksijeni iliyobaki, ambayo ikiwa gari lina masega (kisafisha moshi kilichomo ndani ya ekzosi) yanayofanya kazi inatakiwa iwe karibu na sifuri. Kutokana na hizo nne mashine inapiga hesabu ya lamda, yaani uwiano wa hewa na mafuta.

Ichukulie karatasi ile kama majibu ya maabara. Haikuandikii dawa, lakini inakuonyesha ugonjwa uko upande gani. Ndiyo maana huwa nasikitika mtu akija na kuniambia "limefeli" bila karatasi. Ameacha nyumbani kitu pekee ambacho kingemwokolea pesa.

Namba ni nyingi. Nianze kusoma ipi?

Anza na lamda. Petroli inaungua sawasawa gramu moja ikipata gramu 14.7 za hewa, na hapo lamda inakuwa 1. Ikishuka chini ya 0.97, mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikipanda juu ya 1.03, hewa ni nyingi, au kuna tundu mahali fulani linaloingiza hewa ya nje.

Ukishajua hilo, angalia CO na HC kwa pamoja. CO ikiwa juu na lamda iko chini, injini inamwagiwa mafuta: sensa ya joto la maji inadanganya, sensa ya oksijeni imechoka, noseli zinavuja, presha ya mafuta imezidi, au eya klina imeziba kabisa. HC ikiwa juu huku CO iko vizuri, kuna silinda ambayo haiunguzi, gari linamisi hata kama wewe ndani hulisikii. CO na HC zote zikiwa juu kidogo lakini lamda imekaa pazuri kwenye 1, hapo ndipo unaruhusiwa kuanza kuyatilia shaka masega.

Ukiielewa aya hiyo, nusu ya kazi umeimaliza. Watu wengi hununua masega wakati lamda yao inasoma 0.88. Masega hayawezi kulisaidia gari la namba hiyo, hata yatoke dukani leo asubuhi, kwa sababu hayana oksijeni ya kuunguzia hayo mafuta yaliyozidi.

Mipaka ni ipi? Gari langu ni namba B.

Herufi ya namba inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Gari la namba D linaweza kuwa la mwaka uleule na la namba A. Tafuta mwaka wa kutengenezwa kwa namba ya chesisi.

Mpaka unaokuhusu ni ule ulioandikwa kwenye karatasi yako, kando ya namba za gari lako. Ila ukitaka kujua gari lilizaliwa kwa viwango gani, ukaguzi wa Japani ni kipimo kizuri, maana ndiko lilikotoka. Kule gari dogo la petroli lililojengwa kwa viwango vya 1998 kuja huku linatakiwa lisizidi CO asilimia 1 na HC 300 (sehemu katika milioni) likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Ya kabla ya hapo yanaruhusiwa CO mpaka asilimia 4.5 na HC 1,200. Ulaya ni wakali zaidi: gari lenye masega la kabla ya katikati ya 2002 linapewa CO 0.5 kwenye sailensi na 0.3 injini ikizungushwa juu, na yaliyofuata yanapewa 0.3 na 0.2.

Nikirudisha gari kwa mwenyewe napenda niwe nimefika kwenye namba za Ulaya. Likifika huko, mpimaji yeyote hatalikataa.

Nani anapima?

TBS, yaani Shirika la Viwango, hukagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Polisi wa usalama barabarani hukagua ubora wa magari yaliyoko barabarani. NEMC nao wanasimamia ubora wa hewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Wateja wangu wengi zaidi lakini wanatoka kwenye miradi na kampuni zinazokodi magari, ambazo hazisaini mkataba mpaka zione cheti cha kipimo.

Fundi amesema masega yamekufa. Ninunue mengine?

Subiri kwanza. Swali ninalotaka umuulize fundi wako ni hili: yameuawa na nini?

Masega ni kipande cha kauri chenye matundu madogo madogo kama ya nyuki, kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Hakina kitu kinachozunguka wala kusuguana, kwa hiyo hakichakai kama breki. Kikikaa kwenye injini nzima kinaweza kuishi karibu umri wote wa gari. Kikifa mapema, kuna aliyekiua, na mara nyingi muuaji bado yumo ndani ya gari akingoja masega mapya.

Muuaji wa kwanza ni kumisi. Plagi moja ikikata, petroli mbichi ya silinda ile inateremka mpaka kwenye masega na kuungulia humo humo. Joto linapanda mpaka kauri inayeyuka. Nimeshayafungua masega yaliyokuwa yamegeuka bonge moja la kioo cheusi, hayapitishi hata pumzi. Gari la namna hiyo linakosa nguvu kwenye kilima, na ukimulika chini usiku baada ya kuliendesha unaweza kukuta sehemu ya ekzosi imewaka nyekundu.

Muuaji wa pili ni oili. Oili ya injini ina fosforasi, na injini inayokula oili inayapaka masega utando ule kidogo kidogo mpaka yanaziba ngozi. Wa tatu ni silikoni ya gasketi inayopakwa ovyo karibu na njia ya hewa au ya ekzosi. Maji ya rejeta yanayovuja ndani kupitia gasketi ya hedi nayo yanaua, na yanaiua sensa ya oksijeni kwanza.

Halafu kuna wauaji wa hapa hapa mjini. Matuta: ekzosi inagongwa, kauri inapasuka, unaanza kusikia kama kokoto zinacheza chini ya gari. Na madimbwi ya masika. Umeendesha saa nzima, masega yana joto la nyuzi mia kadhaa, unaingia kwenye maji ya Jangwani mpaka usawa wa mlango. Kauri ya moto ikipigwa na maji baridi inapasuka kama gilasi.

Kwa hiyo mtafute muuaji, mtoe, pima tena. Ukifanya hivyo utashangaa ni mara ngapi masega yanayoitwa maiti yanaamka yenyewe baada ya wiki mbili za mafuta sahihi, hasa kama yalikuwa yamefunikwa masizi tu.

Gari langu lilitolewa themostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) ili lisichemshe. Hilo linahusiana na moshi?

Linahusiana sana, na hili ndilo tatizo ninalokutana nalo kuliko yote hapa Dar.

Alikuja mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Mbagala na Carina yake yenye injini ya 5A-FE. Karatasi inasema CO 3.8, lamda 0.89. Alikuwa ameshanunua masega, ameshanunua plagi, ameshasafishiwa noseli. Nikamuuliza, "Mwalimu, gari hili limewahi kuchemsha?" Akanijibu, "Lilichemsha zamani pale Mtongani, fundi, ila lilitibiwa. Toka siku ile halijachemsha tena."

Nikamwomba tutoke nalo kidogo. Tulikwenda mpaka Buguruni na kurudi, karibu nusu saa. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa, haujagusa katikati hata mara moja. Kurudi gereji nikalenga kipimajoto kwenye nyumba ya themostati: nyuzi 60. Nikaifungua. Ndani tupu. Feni ya rejeta nayo ilikuwa imeungwa moja kwa moja, ukiwasha gari inazunguka mpaka unazima.

Nikaichomoa sensa ya joto la maji, ile yenye waya mbili inayopeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini. Ncha yake ilikuwa imevaa ukoko mweupe kama sufuria ya kuchemshia maji ya kisima, na kweli rejeta ilikuwa inajazwa maji ya kisima, yale ya chumvi. Ilipokuwa kwenye maji ya nyuzi 60 ilitakiwa isome kama omu 600. Ilikuwa inasoma 1,400. Kwa lugha ya kompyuta hiyo ni nyuzi 35 hivi. Maana yake injini ilikuwa inaamini kwamba imewashwa sasa hivi, kila siku, kuanzia Mbagala mpaka Posta, na kompyuta ikawa inaimwagia mafuta ya kupashia moto ambayo hayakuhitajika. Oili ukiinusa kwenye kijiti inanuka petroli.

Tuliweka themostati mpya ya nyuzi 82, sensa mpya, tukasafisha rejeta na kuijaza kulanti, feni tukairudisha kwenye swichi yake, oili tukabadilisha. Masega hatukuyagusa. Siku tisa baadaye CO ilikuwa 0.2 na lamda 1.00. Mwalimu aliniambia hata mafuta ya wiki yamepungua, na hilo halikunishangaza.

Najua aliyetoa themostati alitaka kusaidia. Dar ni joto, na akili inasema ukitoa kizuizi maji yatapita haraka na kupoza. Lakini gari linachemsha kwa sababu rejeta imeziba, feni haizunguki, pampu ya maji imekula mapanga yake, au mfuniko wa rejeta haushiki presha. Tibu hicho. Injini iliundwa kufanya kazi kwenye nyuzi 80 mpaka 90 na kidogo, iwe kwenye baridi ya Makete au joto la Manzese.

Nitajuaje sensa ya oksijeni ni nzima?

Ile ya kawaida ya magari haya inatoa umeme kidogo, kati ya volti 0.1 na 0.9. Injini ikiwa ya moto na ukiizungusha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, sensa nzima inaruka juu na chini bila kupumzika, angalau mara nane ndani ya sekunde kumi. Ikiruka kivivu imezeeka. Ikikaa tu kwenye 0.1 au 0.9, usikimbilie kuilaumu: huenda inasema kweli. Chomoa mpira mmoja wa hewa uone kama inashuka. Nyunyiza kidogo mafuta ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa uone kama inapanda. Ikijibu, ni shahidi mkweli na kosa liko kwingine.

Ukinunua mpya, nunua ya gari lako yenye waya zake sahihi. Yenye waya moja na yenye waya nne hazibadilishani, kwa sababu ya waya nne ina kipashio cha moto ndani yake.

HC yangu ni 700 lakini CO ni nzuri kabisa.

Chomoa plagi zote, zipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi nzima ina rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa. Nyeusi kavu yenye masizi ni mafuta mengi. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni ringi za pistoni au valvu sili (mipira inayozuia oili kwenye valvu) zimechoka. Nyeupe ni hewa nyingi au joto kali. Ukikuta tatu za chai na moja imelowa petroli, umeshamkamata mwizi: silinda hiyo haipati cheche. Hamisha koili yake (inayoipa plagi umeme wa cheche) kwenda silinda ya jirani. Tatizo likihama nayo, koili ndiyo mbovu.

Pima na mwanya wa plagi. Injini za NZ, zile za IST na Vitz, zinatakiwa milimita 1.1. Kuwa mwangalifu na plagi za iridiamu zinazouzwa bei ya kutupa, feki ni nyingi. Ya kweli ina ncha nyembamba kama sindano na inatembea mpaka kilometa 100,000.

Plagi na koili zikiwa nzima, pima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), kisha mwanya wa valvu. Kwenye magari ya umri huu valvu iliyobana haifungi vizuri, na hakuna plagi itakayoliponya hilo.

Lamda yangu ni 1.15. Ina maana gari halinywi mafuta?

Hapana, mara nyingi ina maana kuna tobo. Ekzosi ikitoboka kabla ya pale mrija unapofika, inavuta hewa ya nje na mashine inadhani ni ya injini. Ukaaji wa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, unaila ekzosi kwa kutu mapema. Ziba bomba kwa kitambaa kinene gari likiwa linanguruma: zima injini ukisikia hewa inatoka kwingine, hapo ndipo pa kuchomelea.

Ekzosi ikiwa nzima, angalia mipira ya hewa karibu na manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda). Mpira wa miaka ishirini na zaidi unakauka na kupasuka upande wa chini usiouona.

Gari langu ni la zamani, mashine ya kompyuta haisomi kitu.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi kidogo cheusi chini ya boneti, kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukikifungua mfuniko, nyuma yake kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, halafu hesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. 22 ni sensa ya joto la maji. Usikosee matundu, unaweza kuunguza kitu. Kazi hii haihitaji mashine ya mamilioni, na bado naona watu wanarudishwa na kuambiwa gari lao halipimiki.

Kwenye magari mapya zaidi yanayosomeka, P0300 ni kumisi, P0171 ni hewa nyingi, P0172 ni mafuta mengi, P0420 ni masega hayafanyi kazi ipasavyo. Ukipata P0300 na P0420 kwa pamoja, anza na P0300. Sababu nimeshaieleza.

Moshi ni wa bluu asubuhi tu. Nifanye ovahoo?

Usikubali ovahoo kwa hilo peke yake. Bluu wakati wa kuwasha halafu unapotea, hizo ni valvu sili, na zinaweza kubadilishwa bila kushusha injini. Bluu unapokanyaga mafuta safari nzima, hizo ni ringi. Kabla ya yote safisha au badilisha valvu ya PCV, ile inayopumulia hewa ya oili kwenda kwenye manifodi. Ni spea ya bei ndogo na ikiziba inasukuma oili kila mahali.

Injini ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo, iliyoko kwenye Spacio, Allion na Wish za 1.8, inajulikana kwa kula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na yanaziba. Hiyo ikishaanza, sili mpya hazitoshi.

Inawezekana ni mafuta ya kuchakachua?

Siku hizi ni nadra kuliko zamani. Wengi tunakumbuka enzi zile petroli ilipokuwa inachanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ya tofauti ya bei. EWURA, wasimamizi wa nishati, ikaanza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ile ife. Bado mafuta ya kwenye madumu pembeni mwa barabara siyaamini. Mafuta ya taa yanapandisha HC na kuifanya injini igonge ukikanyaga.

Kama gari lako limetembea hapa tangu kabla ya 2006, kuna jambo jingine. Petroli ya risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka huo, na risasi inayaua masega bila dawa. Gari la namba A lenye masega yake ya asili lina haki ya kushukiwa.

Langu ni la kabureta.

Basi una bahati, tatizo lako lina bisibisi. Weka eya klina safi, hakikisha choki inafunguka yote injini ikipata moto, panga taimingi, ndipo uguse skrubu ya mchanganyiko. Izungushe robo robo huku mashine ya gesi iko kwenye ekzosi. Kwa sikio peke yake utaishia kwenye CO ya 5 au 6 ukidhani gari limetulia. Ikikataa kushuka, boya la kabureta limepanda au sindano yake imelika.

Kuna mtu amenishauri nitoe masega niweke bomba tupu, gari litakuwa jepesi.

Usifanye hivyo. Masega mazima hayakunyimi nguvu unayoweza kuihisi kwenye foleni ya Mandela. Wanaokwambia gari limekuwa jepesi walikuwa na masega yaliyoziba, na walichotakiwa kutibu ni kilichoyaziba. Yale madini matatu ndani yake yana bei, na wanunuzi wa masega wapo mjini. Jiulize yako yatakwenda wapi yakitolewa.

Injini nzima bila masega huwa inatoa CO ya 0.5 mpaka 1 hivi. Kwa mpaka wa 0.3 umeshafeli milele. Na hewa hiyo ndiyo anayoivuta mtoto anayevuka barabara mbele ya bampa lako akienda shule.

Nikinunua masega ya mtumba Ilala au Gerezani, niangalie nini?

Beba tochi. Mulika upande mmoja, uangalie upande wa pili: matundu yanatakiwa yawe mraba, wazi, rangi ya kijivu au kahawia. Yakiwa meusi ya oili, yameyeyuka au yana ufa, yaache. Yatikise, yasilie. Hakikisha tundu la sensa lina nyuzi nzima.

Nikibadilisha gari litumie gesi asilia, nitapita?

Gesi inaungua safi kuliko petroli, na hapa Dar kazi hiyo inafanyika, chuo cha teknolojia cha DIT kikiwemo. Lakini gesi inataka cheche kali zaidi, kwa hiyo plagi na koili zilizochoka zitamisi vibaya kuliko kwenye petroli, na gari bado linawakia petroli. Liponye kwanza, ndipo ulibadilishe.

Taa yangu ya cheki injini haiwaki kabisa. Si dalili nzuri?

Washa swichi bila kupiga stata. Taa inatakiwa iwake, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka hata hapo, balbu imeungua au imetolewa na aliyekuuzia. Dashibodi nyingi nimezikuta na kipande cha selotepu nyeusi nyuma ya taa hiyo.

Siku ya kupima nijiandae vipi?

Badilisha oili siku chache kabla, maana oili iliyojaa petroli inapumulia mvuke wake kwenye injini na kupandisha namba. Kama ulichomoa betri, endesha siku kadhaa kwanza ili kompyuta ijifunze upya. Siku yenyewe endesha dakika ishirini kwa mwendo wa kukimbia, si foleni: masega yanaanza kazi yakifika nyuzi 250 mpaka 300, na yakikaa foleni ndefu yanaanza kupoa. Ukifika usizime. Zamu yako ikikaribia, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika mbili tatu. Zima AC, zima taa.

Na usifanye zoezi hilo ndani ya banda lililofungwa. CO ya asilimia 1 ni sehemu 10,000 katika milioni, haina harufu, na ndani ya chumba inaua kwa dakika chache. Kwangu gari likinguruma geti linafunguliwa, hata mvua ikinyesha.